Mawimbi ya Dar na Kigamboni: saa ya maji, upepo, na vichochoro vya kufika pwani

MLETA UZI

Wakuu, heshima yenu.

Kila kusi ikianza kuvuma, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, hapa Dar mtu anateleza mawimbi wapi?" Wengi waliona mashindano ya kuteleza mawimbi kwa ubao ya Olimpiki ya Paris 2024, yale yaliyofanyika Teahupo'o kule Tahiti, wakaanza kujiuliza kama na sisi tuna chochote. Tunacho. Nimepanda mawimbi ya kwetu miaka tisa sasa, zaidi upande wa Kigamboni na mara chache Coco Beach. Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo nayaweka yote hapa, na mwenye kujua zaidi aongeze. Kuna na suala la njia za kufika ufukweni ambalo linaniuma sana, nitalifikia.

Nianzie kwenye ramani, maana watu huenda pasipo na wimbi halafu wanarudi wakisema Dar hakuna kitu. Bagamoyo bahari imetulia kwa sababu Unguja imesimama mbele yake. Kunduchi na Mbezi zimekingwa na Mbudya, Pangavini na Bongoyo. Pale utaogelea, utakula samaki wako, lakini ubao hautapata kazi. Ukivuka kwenda Kigamboni, kwa pantoni la Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, ukateremka Mjimwema, Gezaulole, Kimbiji mpaka Ras Kutani, hapo sasa unatazamana na bahari kuu. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo wimbi linavyokuja na nguvu.

Usitegemee milima ya maji lakini. Mawimbi makubwa yanayozaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi hukutana kwanza na Madagaska, na kisiwa kile kinatuzibia mengi. Yanayotufikia kwa wingi ni yale yanayosukumwa na upepo wa kusi wenyewe, ndiyo maana yanafuatana karibukaribu. Ukihesabu kutoka wimbi moja hadi jingine mara nyingi unapata sekunde 6 hadi 9. Wimbi lililosafiri mbali lingekupa 12 na zaidi, na lingefika limejipanga. Letu linafika limevurugika, na kwa sababu hiyo kwetu saa ya kuingia majini ina uzito kuliko hata siku.

Majira yenyewe kila mtoto wa pwani anayajua. Kusi inashika Mei inakwenda mpaka Septemba, na Juni, Julai, Agosti ndiyo miezi ya ubao. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, inaleta vijiwimbi vifupi visivyo na mgongo. Mtu anayejifunza anaweza kuvitumia kuzoea ubao, basi. Oktoba na Novemba ni malelezi, bahari imelala, ndiyo wakati wa kujifunza kuogelea vizuri.

Ndani ya siku moja nako kuna upepo aina mbili. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini. Huo ni rafiki. Unalizuia wimbi kwa mbele, linasimama wima kidogo kabla ya kuvunjika, nawe unapata nafasi ya kuinuka. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi upepo wa bahari unaanza, na mchana wa Julai unakuwa mkali kiasi kwamba uso wote wa bahari ni povu. Wavuvi wa ngalawa wanatoka na umande na kurudi na upepo wa mchana. Fuateni saa zao.

Sasa maji. Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo nivumilieni.

Dar maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo maji yanajaa saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji mafu, na kujaa kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi.

Unganisha hayo na umande utaona nilichochukua miaka miwili kukigundua. Siku za bamvua, asubuhi yenye upepo mzuri ndiyo asubuhi ambayo maji yanakimbia na miamba inatoka nje. Siku za maji mafu, asubuhi yenye upepo mzuri ndiyo maji yanapanda taratibu, na mwamba una maji ya kutosha juu yake. Anayeanza aende asubuhi za maji mafu. Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafika, saa nne uwe unakunywa chai.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na kichwa kikavu. Ilikuwa Julai, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, saa mbili asubuhi. Niliona katikati ya povu kuna mahali pametulia, maji yana rangi nzito, nikasema hapo ndipo pa kupitia. Niliingia bila hata kupiga kasia na mikono, maji yakanibeba yenyewe, nikafurahi. Kumbe ulikuwa mlango. Maji yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yalikuwa yanatoka kupitia hapo, na mimi nimo ndani yake. Nilipogeuka, minazi ilikuwa midogo. Nikafanya kosa ambalo kila mtu hulifanya: nikaogelea kuelekea pwani moja kwa moja, nikapambana na mkondo mpaka mikono ikafa ganzi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anarudi na mtumbwi wake. Hakunipandisha. Alinipigia kelele nikate kushoto, nifuate mwamba, nisielekee pwani. Nilikata kushoto labda mita hamsini, mkondo ukaniachia, wimbi likanisukuma mpaka kwenye mwamba na kunichana unyayo kuanzia kidole gumba hadi kisigino. Alovera na maji safi, wiki tatu sivai kiatu.

Siku nilipoweza kutembea nilimfuata. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mguu?" Akanikalisha kwenye ubavu wa ngalawa iliyopinduliwa, akaokota kokoto. Akaniambia nitazame na kila wimbi kubwa likipiga nihamishe kokoto moja kutoka mkono huu kwenda ule. Tulikaa hapo bila kusema neno. Yakapiga manne makubwa, halafu kimya, vijiwimbi tu, halafu tena matano. "Yanakuja kwa kundi," akasema. "Likipita kundi, ndipo mwanaume anatoka." Akanionyesha na mlango: pale pasipo na povu, maji meusi, na uchafu wa majani unaelekea nje badala ya kuja ndani. Tangu siku hiyo siingii kabla ya kukaa mchangani nusu saa nikitazama majani yanaelekea wapi.

Kuhusu sehemu zenyewe. Coco Beach inafikika kwa wote, ipo kando ya Toure Drive, unashuka kwenye gari uko mchangani, na mihogo ya kukaanga inakusubiri. Ila chini kuna mwamba, na maji yakikupwa unaonekana wote. Ingia maji yakiwa nusu yanapanda, ukae mbali na waogeleaji, hasa Jumapili ambapo watu ni wengi na wengi wao hawajui kuogelea. Baada ya mvua kubwa za masika usiingie kabisa siku kadhaa. Mto Msimbazi unamwagika si mbali na hapo na kila tunachokitupa mjini kinafika baharini.

Kimbiji na Ras Kutani ndiko ninakokupenda. Ras Kutani wimbi linafika mpaka mchangani, hakuna mwamba wa kulivunja mbele. Hiyo ni raha na ni hatari pia, maana linavunjika karibu sana na pwani na mvuto wa maji yanayorudi ni mkubwa. Si pa kuanzia. Fukwe hizo kasa wanatagia mayai, kwa hiyo msiwashe moto mchangani usiku na msipite na pikipiki.

Sasa njia.

Kuna mahali upande wa Kigamboni, sitapataja, ambapo kwa miaka yote niliyokwenda kulikuwa na kichochoro kati ya viwanja viwili. Upana wake, ukinyoosha mikono unagusa michongoma ya pande zote. Akina mama wa samaki walipita hapo na ndoo kichwani, watoto wa madrasa walipita, nasi na mbao zetu. Miaka miwili iliyopita kiwanja kimoja kilipata mwenyewe mpya. Kwanza ukaja ukuta. Halafu ukaja mnyororo. Halafu geti la bati na kijana wa ulinzi, mpole tu, anayeuliza, "Unakwenda kwa nani?"

Unakwenda kwa nani. Mimi nakwenda baharini.

Sasa hivi ili kufika pale pale tunazunguka karibu kilomita mbili, tunapita kwenye sehemu ya starehe inayotoza kiingilio, au tunasubiri maji yakupwe tupite kwa chini ya ukuta. Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki amehamia kwenye soko jingine. Kwangu mimi huu ni mchezo, kwake ilikuwa riziki, na hilo ndilo lililonifanya nifuatilie.

Nimesoma sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira. Wengi tunaitaja kama vile inampa kila mtu haki ya kupita. Tuwe wakweli, haisemi hivyo. Mtu anaweza kuheshimu mita 60 zote na bado akafunga kichochoro kilichoko nyuma yake, na ufukwe ukabaki wazi ambao hakuna njia ya kuufikia. Kinachotulinda ni ramani ya mipango miji: kama kichochoro kimechorwa kwenye ramani ya upimaji, ni njia ya umma na mwenye kiwanja hana ruhusa ya kukifunga. Kama hakijachorwa, kinalindwa na mazoea tu, na mazoea hayana hati.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, kila mmoja anayejua njia ya kwenda baharini mtaani kwake aende ofisi ya ardhi aulize kama imo kwenye ramani. Leo, kabla kiwanja cha jirani hakijauzwa.

Karibuni.

---

MCHANGIAJI (Mbagala)

Mkuu uzi umeshiba. Swali: mimi naogelea kidogo tu, yaani naelea. Naweza kuanza? Na ubao unapatikana wapi? Nimeuliza maduka ya michezo Kariakoo wananionyesha mbao za magurudumu.

---

MLETA UZI

Ndugu yangu, hapana, usianze na ubao. Anza na kuogelea. Kamba ya mguuni ikikatika, na inakatika, unabaki wewe na maji. Kipimo changu kwa vijana wanaokuja kwangu: uweze kuogelea mita 200 bila kusimama, halafu uelee dakika kumi bila kushika kitu. Malelezi ya Oktoba yanatosha kukufikisha hapo kama utakwenda mara tatu kwa wiki.

Ubao mpya hapa ni shida kweli. Wengi wetu tunanunua kwa wageni wanaoondoka, au tunapata uliovunjika tunautengeneza. Mafundi wa boti za faiba wanaweza kuziba ufa kwa rezini kama unavyozibwa ufa wa boti; mpelekee ukiwa umekauka kabisa, maji ya chumvi yakibaki ndani utaoza. Anayeanza achukue mrefu, futi 8 au 9, mpana na mnene. Vijana wanapenda mifupi kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video, halafu miezi sita hawajainuka hata mara moja. Kwa mawimbi yetu yasiyo na nguvu nyingi, mrefu unakubeba, mfupi unazama.

Na watoto wa Kimbiji wanatelezea tumbo kwa kipande cha ubao wa ngalawa iliyokufa. Nimewaona wakipata mawimbi ambayo mimi nimeyakosa. Wakienda na mtu mzima wa kuwatazama, hiyo ndiyo shule nzuri kuliko zote.

---

MCHANGIAJI (Paje, Unguja)

Asalaam alaykum. Kaka umesema vizuri habari ya bamvua na miye nataka kuongeza la kwetu.

Huku Paje na Jambiani mwamba uko mbali, ndani yake maji ni ya magoti wakati wa kupwa. Mawimbi ya ubao yako nje, kule mwambani, mpaka upelekwe na mashua na nahodha anayepajua. Ndani ya mwamba ndiyo wacheza tiara, wale wanaovutwa na upepo. Wanapenda kwa kuwa upepo upo misimu yote miwili, na maji hayana mawimbi.

Sasa bamvua uliyoitaja, maji yakakupwa saa nne asubuhi, ndiyo saa yetu ya mwani. Mama yangu analima mwani tangu mie sijazaliwa; kilimo hiki kwetu kilianza 1989. Siku za bamvua anashuka na vijiti na kamba, anafunga mbegu moja moja kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani, mgongo umeinama masaa matatu. Maji yakirudi, tiara nazo zinaingia. Ubao una mapezi chini. Ukipita juu ya shamba maji yakiwa haba, unakata kamba, na ile mbegu yote inakwenda na maji. Mgeni hajui, anaona majani tu ya baharini. Mie nimemuona mama anaokota vijiti vilivyong'oka, kimya, hajasema kitu.

Si kwamba tunawachukia. Kaka yangu mdogo anafundisha tiara na ndiyo inayotusomesha nyumbani. Lakini nawaomba mnaokuja huku, vijiti mkiviona vimesimama kwa mistari, hilo ni shamba la mtu. Zungukeni.

---

MLETA UZI

Wa alaykum salaam dada. Ahsante sana kwa hili. Naomba radhi, nimekuja Paje mara mbili na sikuwahi kujua kwamba ratiba ya mwani inafuata bamvua. Nimejifunza leo. Nitawaambia vijana wangu kabla hawajavuka.

---

MCHANGIAJI (Malindi)

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Mimi niko Malindi na nimefurahi kuona watu wanaongea haya kwa Kiswahili.

Ghuba ya Malindi ni tofauti na pwani yetu yote iliyobaki. Ukienda Diani au Nyali, mwamba umetangulia mbele na wimbi linamalizikia huko. Malindi mto Sabaki unamwaga maji baridi ya mtoni na tope hapo kaskazini ya mji, na matumbawe hayapendi vyote viwili. Kwa hivyo mwamba umekatika, na wimbi linaingia ghubani mpaka mchangani. Julai, Agosti, ndiyo wakati. Kubaya ni rangi: Sabaki ikijaa bahari inakuwa kama chai ya maziwa, huoni kilicho chini yako, na magogo yanaelea. Siku hizo mimi nakaa nyumbani.

Tope hilohilo limetupa mchanga mwingi mpaka ufukwe umepanuka, bahari imesogea mbali na majumba ya zamani ya kando ya maji. Swali la hapa limekuwa ile ardhi mpya ni ya nani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hilo liko wazi, hakuna hoteli inayoweza kukutoa mchangani palipo na unyevu. Lakini kama ulivyosema kaka, kufika hapo kwenye unyevu ndiyo kazi. Diani kuna njia za umma kati ya hoteli, na nyingine ukizipita hujui kama ni njia au ni uwa wa mtu, kibao kimeondolewa. Sisi tulikwenda tukapiga picha kila njia iliyobaki mtaani kwetu, na tarehe, na alama ya mahali kwenye simu. Mtu akijenga, angalau tunao ushahidi kwamba jana watu walipita.

---

MCHANGIAJI (Temeke)

Nisameheni wakuu, lakini huu ni mchezo wa wageni na wenye nafasi. Watu hawana maji ya bomba nanyi mnatafuta kichochoro cha kubebea ubao. Serikali ya mtaa ina mambo ya maana zaidi.

---

MLETA UZI

Mkuu, nimekuelewa na sikupuuzi. Lakini turudi kwenye kichochoro chenyewe. Nilikaa pale asubuhi moja kabla hakijafungwa, Jumanne, siyo siku ya mapumziko, nikahesabu waliopita kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu. Arobaini na saba. Wenye ubao tulikuwa wawili. Waliobaki walikuwa akina mama wa samaki, wavuvi na nyavu, wazee wawili waliokwenda kuoga maji ya chumvi kwa ajili ya miguu, watoto, na bwana mmoja aliyebeba mashine ya boti begani. Sisi wa ubao ndio wenye simu za kupiga picha na muda wa kuandika nyuzi, basi. Kama tutanyamaza kwa sababu mchezo wetu unaonekana wa anasa, yule mama wa samaki atasemewa na nani?

Na Gezaulole, kwa Kizaramo, maana yake ni jaribu uone. Njoo siku moja ujaribu. Ubao wangu wa ziada upo.

---

MCHANGIAJI (Temeke)

Arobaini na saba sikutegemea. Sawa mkuu. Mimi nina ndugu anafanya upimaji wa ardhi, nitamuuliza ramani ya mipango miji ya eneo hilo inaombwaje. Nitumie eneo kwa ujumbe wa faragha.

---

MCHANGIAJI (Mbagala)

Mkuu, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa tunazisomaje? Nikiona wametangaza mawimbi makubwa ndiyo niende au nisiende?

---

MLETA UZI

Usiende. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo ni tahadhari ya kuwazuia wenye mashua, sembuse mtu aliyelala kwenye ubao. Bahari siku hiyo inakuwa imevurugika kila upande na hupati hata wimbi moja la kupandika. Subiri upepo upungue, siku ya pili au ya tatu asubuhi, umande ukiwepo. Mawimbi yanabaki kidogo baada ya upepo kwisha, na hizo ndizo asubuhi nzuri za mwaka mzima. Na hata hivyo kaa kwanza mchangani.

Vitu vya kubeba: maji safi ya chupa kubwa kwa ajili ya kusafishia majeraha ya mwamba, viatu vya mpira kwa sababu ya vile viumbe vya miiba mirefu myeusi, siki kidogo kwa konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi, na mtu wa pili. Usiingie peke yako. Nikiwa peke yangu nami siingii, nakaa natazama, narudi nyumbani.

---

MLETA UZI (marejesho)

Wakuu, wiki tatu zimepita, naleta mrejesho.

Mdau wa Temeke alitimiza neno lake, Mungu ambariki. Ndugu yake alituelekeza namna ya kuomba, tukalipia, tukapata nakala ya ramani ya upimaji. Kichochoro kimo. Kimechorwa, kina upana wa mita 3, kinatoka barabarani mpaka ufukweni. Ukuta umekula mita mbili na geti limekaa kwenye ile moja iliyobaki.

Tulikwenda na nakala ofisi ya mtaa, watu tisa, wawili tu kati yetu wenye mbao. Waliobaki walikuwa wavuvi, na yule mama wa samaki alikuja na binti yake. Tumepewa barua ya kupeleka manispaa, imepokelewa na kugongwa muhuri. Ukuta bado upo. Geti kwa sasa linaachwa wazi kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, na yule kijana wa ulinzi haulizi tena, anasalimia.

Jumamosi hii mwezi utakuwa nusu, kwa hiyo ni maji mafu, yatajaa saa nne na kitu asubuhi. Tunakutana kichochoroni saa kumi na mbili na robo. Wa Mbagala, njoo na nguo ya kuogelea tu, ubao wa kwako bado.